Harufu ya Matunda Katika Manukato, Tangu Utrujja Mpaka Chupa za Leo

Abu Musa al-Ash'ari, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, amepokea kwa Bwana Mtume (S.A.W.) mfano mashuhuri uliomo katika Bukhari na Muslim. Muumini asomaye Qurani amefananishwa na utrujja, tunda lenye ladha njema na harufu njema. Na muumini asiyeisoma amefananishwa na tende, ambayo ni tamu lakini haina harufu. Kisha ukatajwa mrehani, wenye harufu njema na ladha chungu, na ikatajwa hanzali ya jangwani, ambayo ni uchungu mtupu. Wanavyuoni wameisherehesha hadithi hii kwa upande wa imani, na hapo ndipo mahali pake. Walakini ndani yake mna pia elimu ya matunda ambayo wafanyaji wa manukato walikuja kuijua kwa taabu baada ya karne nyingi, nayo ni kwamba utamu wa tunda ni jambo moja na harufu yake ni jambo lingine, na kwamba yako matunda yanayokubali kuitoa harufu yao, na yako yanayokataa.

Utrujja ni mzee katika ukoo wa malimau na machungwa. Limau lenyewe ni mtoto wa utrujja na danzi. Matunda ya ukoo huu yana vifuko vidogo vya mafuta katika ganda, na mtoto yeyote aliyewahi kukamua ganda la chungwa mbele ya mwako wa taa, akaona cheche zikiruka, amekwisha kuyaona mafuta hayo kwa macho yake. Yakikamuliwa hukubali kuwekwa katika chupa na kubaki na harufu yao. Ama embe, nanasi, tufaha, pichi na tini, hayo hayana hazina ya namna hiyo. Harufu yao imo ndani ya maji ya tunda, tena kidogo mno, na moto huiharibu. Mwenye kulitia embe jikoni ili apate manukato yake ataambulia uji wa embe. Ndiyo maana watu wa kale, kwa hodari wao wote, walifanya manukato kwa maua, kwa miti, kwa ulimbo na kwa vitu vya wanyama kama miski, ambari na zabadi, na matunda wakayaacha mezani.

Kazi hii ilipata elimu na vitabu vyake katika miji ya Waislamu. Mwanafalsafa Yaaqub bin Is-haq al-Kindi, aliyefariki Baghdad kiasi cha mwaka 873, amenasibishiwa kitabu cha kemia ya manukato na ukenekaji chenye maelezo zaidi ya mia moja ya namna ya kutengeneza mafuta, marhamu na maji yenye harufu. Kitabu hicho kilitolewa kwa Kijerumani mwaka 1948 na Karl Garbers, na wasomi wa Ulaya wakaona kwamba mambo waliyodhani ni ya juzi yaliandikwa zaidi ya miaka elfu moja nyuma. Kukeneka ni kukichemsha kitu pamoja na maji, kuukamata mvuke wake ukipanda, na kuupoza mpaka urudi kuwa maji yaliyobeba harufu. Chombo chake kwa Kiarabu huitwa anbiq, na kwa jina hilohilo Wazungu wamekichukua wakaliingiza katika lugha zao.

Watu wengi husema kwamba aliyeanza kukeneka maji ya waridi ni Ibn Sina. Ibn Sina alizaliwa mwaka 980, yaani zaidi ya miaka mia moja baada ya kufa al-Kindi, naye ana sifa za kutosha katika utabibu wala hana haja ya kuongezewa za watu wengine. Biashara yenyewe ya maji ya waridi ilikuwa kubwa kabla yake. Ibn Khaldun ameinukuu orodha ya kodi za zama za Khalifa al-Maamun, ambamo jimbo la Fars lilipeleka Baghdad kila mwaka chupa 30,000 za maji ya waridi pamoja na fedha na zabibu. Mrashi unaozungushwa siku ya Maulidi katika mitaa ya Buyenzi, Nyamirambo au Kibuli, ukanyunyizwa mikononi mwa watu, ni mjukuu wa chupa hizo.

Tunda la kwanza kuingia kwa nguvu katika manukato lilikuja kwa njia ya Omani. Aliyeieleza habari hii ni al-Masudi, msafiri na mwanahistoria aliyefariki mwaka 956, yule yule aliyevuka bahari kutoka Omani akafika Qanbalu katika nchi ya Zanj. Ameandika kwamba mti wa danzi ulitolewa Bara Hindi baada ya mwaka 300 wa Hijra, ukapandwa Omani, kisha ukapelekwa Basra, na Iraki, na Sham. Na ameongeza neno ambalo kila mkulima atalikubali: kwamba ulipohamishwa, tunda lake lilipoteza ile harufu kali na ile rangi nzuri liliyokuwa nayo kwao Bara Hindi, kwa sababu ya kukosa hewa na udongo na maji yake. Kutoka Sham mdanzi ulikwenda Magharibi, ukafika Sisilia na Andalusi. Mpaka leo ua wa Msikiti Mkuu wa Cordoba huitwa kwa jina la miti hiyo, na Wahispania huliita ua lake azahar, ambalo ni neno la Kiarabu az-zahr, yaani ua. Ama chungwa tamu lilichelewa sana, na Waarabu waliliita burtuqali kwa sababu lilienea mikononi mwa Wareno.

Danzi lina baraka ya ajabu kwa mfanya manukato. Ganda lake hutoa mafuta machungu na makali, majani yake hutoa mafuta mengine, na maua yake yakikenekwa hutoa maji ya zahari pamoja na mafuta ya thamani kubwa ambayo Wazungu huyaita neroli. Jina hili lilitokana na mji wa Nerola nchini Italia, ambako bibi mmoja wa ukoo wa kitawala katika karne ya 17 alipenda kuyatia katika mifuko yake ya mikono. Kule Nabeul, nchini Tunisia, watu bado huyakeneka maua hayo majumbani kila majira ya kuchipua, na maji yake hutiwa katika vyakula na katika dawa za tumbo. Walioyaita maji hayo kwa jina la Kizungu walikuta kazi imekwisha kufanywa.

Ndipo anapoingia Mtaliano Giovanni Maria Farina. Mwaka 1709 ilianzishwa nyumba ya biashara ya akina Farina katika mji wa Köln, Ujerumani, naye akatengeneza maji mepesi yenye harufu ya bergamoti, limau, chungwa na maua ya danzi, aliyoyaita kwa jina la mji uliompokea. Bergamoti ni tunda la ukoo wa danzi na limau, haliliwi kwa uchungu wake, na sehemu kubwa yake hulimwa Calabria, kusini ya Italia. Kabla ya Farina, manukato ya Ulaya yalikuwa mazito, ya miski na zabadi. Maji ya Köln yalikuwa baridi kama asubuhi. Mtu aliyechoka na jua aliyamimina kichwani na mikononi akaona roho imerudi. Kwa hakika manukato yote ya kiangazi yanayouzwa leo, hata yale yenye bei ya kutisha, ni watoto wa chupa hiyo.

Maji hayo yalirudi kwa Waislamu katika karne ya 19. Waturuki waliyapokea, wakayaita kolonya, wakaweka limau lao mbele ya vitu vyote, na ikawa ada ya nyumba kwamba mgeni akiingia humiminiwa kolonya katika viganja, kama ilivyokuwa ikifanywa kwa maji ya waridi. Safari hii hayakuja peke yake. Yalikuja na spiriti, yaani alkoholi, na hapo ndipo mashaka ya watu wengi yanapoanzia mpaka leo, kwa sababu wako wazee wanaowazuia vijana kuingia msikitini na nguo iliyopulizwa manukato hayo, na wako vijana wanaoona kwamba wazee wanajizuia na jambo dogo.

Basi ni vizuri yajulikane waliyoyasema wenye elimu, ili asiyejua asimtukane anayejua. Kunywa kileo ni haramu kwa makubaliano ya Waislamu wote, wala hapana maneno hapo. Maneno yako katika unajisi wa kitu chenyewe kikigusa nguo. Wanavyuoni wengi, na miongoni mwao ni wa madhehebu ya Imamu Shafi, wamesema kwamba ulevi wa majimaji ni najisi. Lakini Rabia, mwalimu wa Imamu Malik, na al-Layth bin Saad wa Misri, na al-Muzani, mwanafunzi wa Imamu Shafi mwenyewe, wamepokewa kuwa walisema ulevi ni haramu lakini mwili wake si najisi. Na Imamu Abu Hanifa na mwanafunzi wake Abu Yusuf waliitofautisha khamri ya zabibu na vileo vya vitu vingine. Sheikh Abdul-Rahman al-Jaziri wa Misri, aliyefariki mwaka 1941, ameyataja katika kitabu chake cha madhehebu manne yale majimaji yenye najisi yanayotiwa katika dawa na manukato kwa kuyatengeneza, kwamba husamehewa kwa kadiri ya haja hiyo. Na spiriti ya manukato ya leo mara nyingi hutokana na nafaka, miwa au viazi vya sukari, hutiwa vitu vya kuifanya isinyweke, na ikipulizwa juu ya nguo huruka hewani ikabaki harufu peke yake. Mwenye kujiepusha, akatumia mafuta ya atari yasiyo na spiriti, amechukua njia ya tahadhari na amesalimika. Mwenye kuyatumia kwa kufuata kauli ya wakubwa hao hana wa kumrudishia swala yake.

Zamani hizo zote, tunda lililokuwa ndani ya chupa lilikuwa ni lile la ganda: danzi, limau, chungwa na bergamoti. Mlango wa matunda mengine ulifunguliwa na wanakemia. Katika Maonyesho Makubwa ya London ya mwaka 1851 watu walionyeshwa mafuta yenye harufu ya pea, ya tufaha na ya nanasi ambayo hayakutoka katika tunda lolote. Ile ya nanasi hupatikana kwa kuiunganisha spiriti na asidi ile ile inayoifanya siagi iliyochacha inuke. Kitu kinachokimbiza watu jikoni, kikigeuzwa kidogo, kinawaita mezani. Mafuta hayo kwanza yalitumika katika peremende. Kisha mwaka 1908 ikapatikana dawa yenye harufu ya pichi lililoiva, na mwaka 1919 Jacques Guerlain wa Paris akaitia katika manukato aliyoyaita Mitsouko. Akaiweka juu ya bergamoti na ukungu wa miti, na watu wakanusa pichi ambalo halikupata kuwa juu ya mti.

Utamu unaoyashika manukato ya namna hii hutokana mara nyingi na vanilini. Nayo, tangu mwisho wa karne ya 19 na kwa miaka mingi baadaye, ilitengenezwa kwa mafuta ya karafuu, na karafuu nyingi ya dunia wakati huo ilitoka Unguja na Pemba. Wachumaji wa Pemba hawakuambiwa kwamba jasho lao limo katika peremende na chupa za Ulaya.

Wako wanaosema kwamba harufu ya namna hii ni ya uongo. Hukumu hiyo ni nzito kupita haja. Uongo umo katika ulimi wa muuzaji anayemwambia mnunuzi kwamba amekamua maembe. Harufu yenyewe ni kazi ya mkono, kama picha ya ua iliyotariziwa katika kofia, wala hapana anayemshitaki mshona kofia kwa kuwa ua lake halimwagiliwi maji.

Mwaka 1976 Mfaransa Jean Laporte alianzisha mjini Paris nyumba ndogo aliyoiita L'Artisan Parfumeur, ili kufanya manukato machache yasiyofuata soko la wengi. Nyumba za namna hiyo zimekuwa nyingi sasa, na ndizo zinazotafutwa na vijana wenye pesa. Mwaka 1978 alitoa Mûre et Musc, yaani tunda jeusi la vichaka vya miiba likiwa pamoja na miski. Mchanganyiko huu ungefahamika vizuri Baghdad: kitu chepesi kinachoruka kimewekwa juu ya kitu kizito kinachokaa. Maana hii ndiyo aibu ya manukato ya matunda, kwamba hayadumu. Limau juu ya ngozi katika jua halimalizi hata saa moja, kwa kuwa chembe zake ni nyepesi na joto huzirusha. Miski au sandali chini yake huzuia kidogo.

Tini ilingoja mpaka mwaka 1994. Tunda ambalo Mwenyezi Mungu ameliapia katika Qurani halitoi mafuta ya kunusika, na dondoo la majani yake limepigwa marufuku na wenye kusimamia kazi hiyo kwa sababu hudhuru ngozi. Olivia Giacobetti aliitengeneza harufu yake kwa vitu vingine kabisa, akaiita Premier Figuier, kwa nyumba ile ya Laporte. Mwaka 1996 akaitengeneza tena kwa nyumba ya Diptyque, kwa jina la Philosykos. Mwenye kuzilinganisha hizi mbili ataona mkono mmoja katika nyakati mbili. Ya kwanza ina maziwa, karibu na harufu ya tui la nazi, ni laini na inaelekea kwenye sandali. Ya pili ni ya jani zaidi kuliko tunda: ina ukijani, ina utomvu, na mwisho wake ni mti mkavu. Ya pili inafaa zaidi mchana wa joto. Ya kwanza ni ya jioni, baada ya upepo kuanza.

Na embe nalo likapata siku yake. Mwaka 2004 Jean-Claude Ellena alikwenda Aswan, nchini Misri, kutafuta harufu ya Mto Nili kwa ajili ya nyumba ya Hermès. Aliwaza maua na ubani, lakini kilichomshika ni maembe mabichi yaliyokuwa juu ya miti. Manukato yake, Un Jardin sur le Nil, yalitoka mwaka 2005. Hayana utamu wa embe bivu. Yana ule ukali wa embe changa linapokatwa kikonyo na utomvu ukatoka, pamoja na harufu ya mimea ya majini. Watu wanaokaa kwenye vyanzo vya mto huo hawahitaji kufundishwa harufu hii, maana ni ya kila mtoto aliyepanda mwembe kabla ya wakati wake na kuchapwa.

Nanasi la Aventus, lililotolewa na nyumba ya Creed mwaka 2010, ni kinyume cha hayo. Limewekwa pamoja na moshi wa mti na miski, na huenea chumba kizima. Limeigwa na nyumba nyingi kwa bei ndogo, na mifano yake imejaa maduka ya Ghuba na kuletwa mpaka masoko ya Afrika ya Mashariki. Kwa mtu anayesimama safu moja na watu mia mbili mchana wa Ijumaa ni kali mno. Sunna ya kujitia manukato siku hiyo ni kwa ajili ya kuwastarehesha wenzake, na aliyekula kitunguu kibichi alizuiwa kuukaribia msikiti kwa sababu ya jirani yake. Maji ya danzi au tini kavu yanatosha.

Wafanyaji manukato wa Kiislamu nao hawakulala. Haji Ajmal Ali wa Assam alianza biashara yake Bombay mwaka 1951, na nyumba ya watoto wake sasa ni kubwa katika Ghuba. Mwaka 1983 ilianzishwa Amouage mjini Maskati, kwa shauri la Sultani Qaboos, na manukato yake ya kwanza yakatengenezwa na Guy Robert, Mfaransa. Leo katika Ghuba mtu atakuta udi umefunikwa na pichi, na waridi limekaa juu ya nanasi.

Hapo linazuka suala ambalo linawahusu hasa wenye kunuia Hija na Umra. Mtu akiwa ndani ya ihramu haruhusiwi kujitia manukato, ingawa kujitia mwilini kabla ya kuhirimia ni sunna, na harufu iliyobaki haidhuru. Wanavyuoni wa Kishafi, akiwamo Imamu Nawawi, walieleza kwamba vitu vinavyokusudiwa kuliwa au kufanywa dawa, hata vikinukia, si manukato katika hukumu hii, na wakataja tufaha, utrujja, karafuu na mdalasini. Mwenye kuhirimia anaweza kulinusa tufaha na kulila, wala hana fidia. Hukumu hiyo ilitungwa wakati tunda lilikuwa tunda. Sasa embe, tini na nanasi vimeingia chupani kwa nia ya kunukia tu, wala haviliki, basi kilichomo katika chupa ni manukato kama miski. Sabuni iliyotiwa harufu ya limau kwa makusudi, na kile kijitambaa chenye maji ya limau kinachogawiwa ndani ya ndege baada ya kula, wenye kuwafundisha mahujaji huwaambia wasivitumie ndege ikiwa imekwisha kupita mikati. Ama kipande cha limau chenyewe kilichokuja na samaki katika sinia, hicho akikamue na ale.